Kompyuta inatoa majina, daktari ndiye anayeamua

Ndugu, umeuliza kama sasa kompyuta ndiyo itakayoamua nani apewe tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito. Hapana. Chukua mfano wa Uskoti: watafiti wa Edinburgh walitengeneza programu iitwayo AnticiPal. Inapekua kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta za madaktari wa familia, ikitafuta yaliyokwisha kuandikwa humo, kama saratani iliyosambaa, moyo kushindwa kufanya kazi au mapafu yaliyochoka, kisha inatoa orodha ya majina. Daktari anaipitia jina kwa jina, halafu anazungumza na mgonjwa mwenyewe.

Faida kubwa ni kwa wasio na saratani, maana hao husahaulika mno. Shangazi yangu aliugua moyo. Miguu ilivimba hadi ndala hazimwingii, alilala akiwa ameketi, akalazwa mara nne mwaka mmoja. Yote yaliandikwa kwenye faili lake, lakini hakuna aliyeyasoma kwa pamoja. Dawa ya mofini ya kumpunguzia kuhema ilikuja siku tatu kabla hajafariki.

Ila kama kumbukumbu zenyewe hazijazwi vizuri, programu haitaona kitu.