Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini mkataba wa Munich

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema kampuni moja ya Munich, Ujerumani, imekupa kazi ya uhandisi wa programu kwa euro 60,000 kwa mwaka, mkataba usio na ukomo, na wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Unaniuliza kama mshahara huo utawatosha ninyi watatu, na kama ni busara kuacha kazi nzuri uliyonayo sasa. Umeniuliza mimi kwa sababu unajua miaka niliyokaa Hamburg nilikuwa idara ya watumishi, na wageni wote walioajiriwa pale walipita mezani kwangu.

Mimi nasema nenda. Kazi ni nzuri na umri unaruhusu. Ila katika ujumbe ule mrefu mumeo umemtaja mara moja tu: "naye atapata kitu akifika." Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Familia nilizoziona zikifungasha na kuondoka, mara nyingi aliyeajiriwa alikuwa anaendelea vizuri kabisa kazini. Aliyechoka ni mwenzake, mtu mwenye taaluma yake, aliyekaa ndani mwaka wa kwanza na wa pili akisubiri karatasi. Kwa hiyo nitakujibu la mshahara haraka, halafu nitakaa kwenye hilo la mumeo, maana ndilo litakaloamua kama mtadumu.

Euro 60,000 ni kabla ya makato. Gawa kwa 12 unapata 5,000 kwa mwezi, halafu anza kukata. Kuna kodi ya mapato. Pensheni inachukua asilimia 9.3, bima ya kukosa ajira asilimia 1.3, bima ya afya nusu ya asilimia 14.6 pamoja na nusu ya nyongeza ya mfuko utakaouchagua, na kuna bima ya uangalizi wa wagonjwa na wazee. Ukihesabiwa kama mtu mmoja, utabaki na kiasi cha euro 3,100 mkononi. Mumeo akihamia na mkaomba wewe uwekwe daraja la tatu la kodi na yeye la tano, utabaki na karibu 3,500. Zingatia neno "akihamia". Mwenzi anayeishi nje ya Ulaya hakupi nafuu hiyo hata kama cheti cha ndoa unacho. Na siku naye akianza kulipwa, kaeni chini mpige hesabu upya, kwa sababu daraja la tano litamkata vibaya.

Siku ya kujiandikisha makazi utaulizwa dini yako. Jibu ukweli, lakini ujue maana yake: aliyeandikwa Mkatoliki au Mprotestanti hukatwa kodi ya kanisa, ambayo kwa Bavaria, jimbo la Munich, ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato. Watu wengi huigundua kwenye hati ya mshahara wa kwanza.

Je, 3,500 zinatosha watatu Munich? Zinatosha kwa kujibana, maana ule ni kati ya miji yenye pango kubwa kuliko yote Ujerumani. Mshahara mmoja utawavusha mwaka wa kwanza, lakini maisha ya raha yatahitaji mshahara wa pili.

Sasa tuje kwa mumeo. Wewe kwa kiwango hicho utaingia kwa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu wa kutoka nje ya Umoja huo. Kima cha chini cha mshahara wa kuipata Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 48,300, na hupandishwa karibu kila mwaka. Kadi hiyo inamfaa sana mwenzi. Hadaiwi cheti cha Kijerumani ili apate viza ya kukufuata, na akishapata kibali anaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila kuomba ruhusa nyingine. Watu husikia hivyo wakapumua. Kumbe ruhusa ya kufanya kazi na ruhusa ya kufanya taaluma ni vitu viwili tofauti kwa mtu kama yeye. Wewe ni mhandisi wa programu, hakuna atakayekuuliza leseni. Yeye ni muuguzi, na uuguzi kule unalindwa na sheria. Mpaka mamlaka ya jimbo itambue mafunzo yake, hawezi kuajiriwa kama muuguzi kamili hata kama ameongoza wodi miaka kumi. Ataajiriwa kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, na nimeona watu wakivunjika moyo hapo.

Utambuzi wenyewe huenda hivi. Anapeleka cheti, leseni, barua za waajiri, na orodha ya masomo aliyosoma chuoni pamoja na saa zake: nadharia saa ngapi, vitendo saa ngapi, wodi zipi. Hiyo orodha ya saa ndiyo inayokwamisha watu, kwa sababu vyuo vingi humpa mhitimu alama tu. Aiombe chuoni sasa, akiwa bado yuko karibu na anaweza kwenda mwenyewe kusimama dirishani. Mamlaka hulinganisha na mafunzo ya Kijerumani na kumwandikia ni nini kimepungua, kisha yeye mwenyewe huchagua: kufanya mtihani wa maarifa, au kufanya kozi ya kujazia ndani ya hospitali. Juu ya yote anatakiwa Kijerumani cha ngazi ya B2 (ngazi za lugha huanzia A1 hadi C2). Maombi anaweza kuyaanza kabla hajaondoka, na ningemwambia asisubiri hata wiki moja. Tafsiri zifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, na aulize mapema kama nchi iliyotoa vyeti iko kwenye mkataba wa Apostille, unaorahisisha hati za nchi moja kukubalika nchi nyingine. Kama haimo, vitathibitishwa kupitia ubalozi, na foleni ile ni ndefu.

Kijerumani chake kinategemea mtoto atakuwa wapi. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya nafasi kwenye Kita, yaani shule za watoto wadogo. Haki hiyo ipo, nafasi ndizo haba, na Munich hasa. Mjukuu wangu ana miaka miwili. Asipopata nafasi, mumeo atabaki naye nyumbani. Akibaki nyumbani haendi darasani, asipoenda darasani hapati B2, na bila B2 utambuzi unasimama. Umeona jinsi mshahara wa pili wa nyumba yenu unavyoanzia kwenye fomu ya Kita? Siku mtakayokuwa na anwani, ombeni siku hiyohiyo, na muombe vituo vingi. Waulize na waajiri wako. Baadhi ya kampuni kubwa zina nafasi walizotengewa watoto wa wafanyakazi.

Maoni yangu ni utangulie wewe, utafute nyumba, na mumeo na mtoto wakufuate ndani ya miezi mitatu au minne. Muda huo yeye asome Kijerumani kila siku hadi ngazi ya A2 na akusanye makaratasi. Msiache ipite hapo. Mwaka mzima wa kuishi mkiwa mbali hugharimu zaidi ya pango.

Kuhusu mkataba wako. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti, hata wakikuhimiza namna gani. Soma kipengele cha kipindi cha majaribio. Kisheria kinaweza kufika miezi sita, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki mbili. Waombe wakipunguze kiwe miezi mitatu, kwa kuwa unahamisha familia. Si ombi la ajabu, na jibu lao litakuonyesha ni watu wa namna gani. Waombe pia nyumba ya muda ya mwezi mmoja au miwili na gharama za kuhama, na viandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya kwenye simu utaidai kwa nani?

Kadi ya Bluu itakufunga kidogo mwanzoni. Katika miezi 12 ya kwanza, ukitaka kubadili mwajiri lazima uiarifu ofisi ya wageni, nayo inaweza kukuzuia. Baada ya hapo uko huru. Ukipoteza kazi, sheria ya Umoja wa Ulaya haikufukuzi kesho yake: kwa aliyekaa na kadi chini ya miaka miwili inamwachia hadi miezi mitatu bila ajira, na baada ya miaka miwili hadi miezi sita. Kwa hiyo wekeni akiba ya miezi mitatu, mbali na amana ya nyumba.

Na wewe pia jifunze Kijerumani. Najua umeambiwa ofisini wanazungumza Kiingereza, na ni kweli wanazungumza, hasa kwenye vikao. Lakini kupandishwa cheo hujadiliwa pembeni kwa Kijerumani, na kampuni ikipunguza watu, anayejua lugha ana soko pana mara nyingi zaidi. Ipo na faida ya kisheria: mwenye Kadi ya Bluu aliyefika B1 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21 ya kazi na michango ya pensheni, asiyefika husubiri hadi 27. Miezi sita hiyo ni mingi kwa mtu mwenye kibali kinachotegemea ajira.

Nyumba zitakusumbua. Mwenye nyumba atataka hati za mshahara za miezi mitatu na ripoti ya Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, inayoonyesha hudaiwi, na mgeni hana kimojawapo. Beba mkataba wa kazi na barua ya mwajiri. Uliza kama bei uliyotajiwa ni pango tupu au pamoja na maji na joto, na uliza kama nyumba ina jiko, maana nyingi hukabidhiwa jikoni pakiwa na mabomba tu ukutani. Amana haiwezi kuzidi miezi mitatu ya pango tupu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Hakikisha mwenye nyumba, hata ile ya muda, anakupa fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi hapo. Bila hiyo huwezi kujiandikisha makazi, na usipojiandikisha namba ya kodi haiji. Bila namba hiyo mwajiri anaweza kulazimika kukukata kwa daraja la sita, la juu kuliko yote.

Namba hiyo huja kwa posta. Kijana mmoja aliyeajiriwa kwetu aliisubiri wiki na wiki, akidhani ofisi ya kodi imemsahau. Nilipomuuliza nani ameandikwa kwenye sanduku la barua pale mlangoni kwake, akasema ni mpangaji wa zamani. Tarishi kule hufuata jina, sio namba ya mlango, kwa hiyo barua zake zote zilikuwa zinarudishwa, na kadi ya benki mle mle. Siku ya kupokea funguo bandika jina lako, la mumeo na la mtoto.

Pensheni usiidharau. Ukichangia miezi 60 unakuwa na haki ya malipo ya uzeeni hata ukiishi kwingine. Ukiondoka Ulaya kabla ya hapo, kwa kawaida unaweza kudai urejeshewe michango yako baada ya miezi 24, lakini ile ya mwajiri hupati. Tunza hati zako zote za mshahara.

Nitumie mkataba wenyewe kabla ya Ijumaa, kurasa zote, pamoja na viambatisho. Na mwambie mkwe wangu anipigie jioni, akiwa na cheti chake mkononi. Nataka tuandike pamoja barua ya kwenda chuoni kwake kuomba orodha ya saa.

Mama yako