Jibu: Kuthibitisha kama babu alikuja na meli ya Hector

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: familia ya mumeo huko Nova Scotia, jimbo la mashariki mwa Kanada, husema ilitokana na Waskoti waliofika bandari ya Pictou kwa meli ya Hector mwezi Septemba 1773, nawe unataka uhakika kabla ya kuwaandikia watoto historia hiyo.

Anza na walio hai, kisha urudi nyuma kizazi kwa kizazi kwa kufuata hati za ndoa, ubatizo na vifo. Usianzie kwenye orodha ya abiria, kwa kuwa ile inayonukuliwa sana iliandikwa miongo mingi baadaye kutokana na kumbukumbu. Majina nayo yanahadaa, maana akina Fraser na Mackenzie walikuwa wengi mno.

Hati za ardhi zitafute katika Hifadhi ya Nyaraka ya Nova Scotia, wala usiishie Pictou. Abiria wa Hector walifika msimu wa kupanda umekwisha pita, wakaonyeshwa viwanja vya msitu mnene mbali na ufuko, na wengi wakaenda Truro, makazi mengine ya jimbo hilo, kufanya vibarua. Simulizi za huko husema waliorudi Pictou walivuta unga na viazi juu ya theluji kwa mikono yao. Kwa hati za ardhi, mimi ningeanzia Truro.

Kwa upande wa Uskoti, uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1855 tu. Kabla ya hapo kuna rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa, zenye mapengo mengi. Mkikwama hapo, mlipeni mtaalamu wa nasaba anayesoma miandiko ya kale, mkubaliane bei mapema, na mjihadhari na yeyote anayeahidi jibu la uhakika kabla hajaona hati hata moja.