Tairi za loda zinakufa mapema: lisome kwanza lile lililokufa kabla hujanunua jingine

Mkuu wa Lindi uliyeuliza kwamba tairi za mbele za loda yenu ya machimboni, ile mashine ya kuchota mawe kwa baketi, hazimalizi hata mwaka na bosi keshaamua kwamba ni feki, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili jambo linakula hela za watu bure kabisa huku kusini. Mimi ni fundi mitambo, nimeshika mashine za kokoto upande wa Mikindani, folklifti za maghala ya korosho Mtwara mjini na mitambo ya kwenye mashamba ya chumvi. Tairi feki zipo, sikatai. Ila nyingi ninazoletewa kwa jina hilo ukizikagua unakuta zimeuawa, na kilichoziua bado kipo palepale kinasubiri hilo jipya.

Kwa hiyo lile bovu lisitoke yadi. Livue kwenye rimu, lioshe, halafu mulika tochi ndani, maana nje utadanganyika. Ukikuta ubavu kwa ndani umekunjamana, kuna mstari unazunguka tairi zima usawa uleule, na unga mweusi wa mpira umejikusanya chini, hilo limetembea na upepo mdogo. Upepo ukipungua ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, mpira unaanza kuachana na nyuzi kutokea ndani wakati kashata za nje (yale meno yanayokanyaga chini) bado ziko vizuri tu, ndio maana opareta anaapa kwamba tairi lilikuwa jipya na kweli ukiliangalia kwa nje ni jipya.

Kuhusu upepo sasa. Kupiga tairi na nyundo ukasikiliza mlio hakukwambii kitu, tairi nene kama la loda linalia vilevile likiwa na PSI (kipimo cha upepo) 50 au 35. Nunua geji nzuri, pima asubuhi kabla mashine haijawashwa, na ufuate kitabu cha mashine, mbele peke yake na nyuma peke yake kwa sababu mbele ndiko baketi ikijaa uzito wote unakoenda. Na huu mtindo wa kupunguza upepo saa 8 mchana eti tairi limechemka litapasuka, naomba muuache leo hii. Upepo kupanda tairi likiwa na moto ni kawaida. Ukiupunguza mchana, kesho asubuhi likipoa lina upepo pungufu, linachemka zaidi, mnapunguza tena, mnazunguka hivyo hivyo mpaka linaachana.

Ila kwenu Lindi nina wasiwasi na kitu kingine, chumvi. Kama hiyo loda inatoka machimboni inaenda kubeba chumvi, au inalala karibu na bahari, angalia pale mdomo wa tairi unapokaa kwenye rimu. Kutu inafanya magamba, upepo unatoka kidogokidogo usiku kucha na hakuna pancha yoyote ya kuonekana. Pita na maji ya sabuni kuzunguka rimu yote utaona mapovu madogo yanajikusanya sehemu moja. Dawa yake ni kuvua, kusugua na brashi ya waya mpaka chuma safi, kupaka rangi, na kuweka oringi mpya (ile pete ya mpira inayoziba upepo kwenye rimu), usirudishe ile ya zamani hata kama inaonekana nzima. Na vifuniko vya valvu virudishwe jamani, mchanga ukiingia pale valvu haifungi tena.

Kama ndani kuko safi ila nje kuna mikato basi ni jiwe na uendeshaji. Mawe yetu ya pwani haya ya chokaa na matumbawe yakivunjika yanabaki na makali, na mpira uliolowa unakatika kirahisi kuliko mkavu, kwa hiyo mvua zikianza mpaka mwezi wa 4 huko ndio wakati wa hasara. Simama uangalie opareta anavyoingia kwenye lundo, akisukuma mpaka tairi zinazunguka mahali pamoja hapo anazisaga kwenye kisu, na kokoto zinazomwagika asipozisafisha na baketi atazikanyaga yeye mwenyewe akirudi nyuma.

Watu watakushauri ununue L5, zile za miamba zenye kashata nene mara mbili na nusu ya za kawaida. Ni nzuri kama loda inachota na kumwaga palepale. Ikiwa inabeba mzigo mbali kwa spidi, unene huohuo unafungia joto ndani, utaziua kwa njia nyingine na bei yake unaijua.

Tairi likilika bega moja tu tafuta beringi au bushi, katikati tu upepo umezidi. Usifunge moja jipya pembeni ya lililoisha kwenye eksel moja, zinavutana.

Yule mwingine aliyeuliza kwa nini tairi za folklifti ya korosho zinabanduka, tairi zako ni za mpira mtupu, hazikutengenezwa kutembea toka ghala hadi ghala kwenye lami ya jua kali. Joto linabaki katikati halina pa kutokea ndio maana zinabanduka vipande. Ipakieni kwenye gari.

Na tafadhali sana, msichomelee rimu tairi likiwa limefungwa, hata kama halina upepo. Linaweza kulipuka kwa gesi ya mpira unaoungua ndani. Kabla ya kulegeza nati toa sindano ya valvu (kile kipini cha ndani kinachozuia upepo), upepo uishe wote. Wakati wa kujaza hakuna mtu kusimama mbele ya ringi, ile pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye rimu.

Mkuu tuma picha ya ndani ya ubavu na ya ukingo wa rimu, na uandike PSI ya asubuhi na ya jioni kwa kila tairi, tuanzie hapo.