Mbwa mwenye saratani na suala la ugali
Umeuliza kama kumnyima mbwa wako ugali kutaua uvimbe wa saratani alio nao. Hapana, hakutauua. Ikiwa daktari wa mifugo amethibitisha kuwa ni ile saratani ya sehemu za siri ambayo mbwa huambukizana wanapopandana, basi tiba yake ni sindano ya vinkristini, dawa ya kuua seli za saratani, mara moja kwa wiki, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, na wengi hupona kabisa, kama alivyopona jike wetu hapa Chumbageni, Tanga. Chakula humpa nguvu ya kuhimili dawa: mchemshie samaki, uchambue miba yote kwa vidole, uchanganye na ugali laini bila kitunguu, kwani kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Nyama mbichi usimpe kabisa katika kipindi hicho, maana dawa hiyo hushusha kinga.