Maswali ya Wasomaji: Mchungaji wa watu kwa wachungaji wa ng'ombe

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti, nimepangiwa kazi ya miaka miwili Longido, kwa Wamaasai. Nasikia Kiswahili wanakijua, na masomo kumi na mawili ya mahubiri ninayo tayari. Nijiandae na nini kingine? *Mwinjilisti, Mbeya*

JIBU: Amina, ndugu mwinjilisti. Hayo masomo yaweke kwanza sandukuni. Kiswahili kipo, ila kwa wengi ni lugha ya mnadani na ya kwenye basi, na akina mama na wazee wa bomani mara nyingi wanakitumia kidogo kuliko vijana. Mtu akifiwa, au akiomba mvua, hurudi kwenye Kimaa, lugha yao. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza iwe ya lugha, na usipande mimbarani hata ukibembelezwa.

Mpate mtu mmoja wa kukufundisha, saa mbili kila asubuhi ng'ombe wakishatoka. Maneno kumi kwa siku yanatosha. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, jioni usikilize na kuiga kwa sauti. Daftari lisubiri wiki tatu hivi: Kimaa ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na herufi tulizozoea hazioneshi toni. Anayeanza kwa kuandika hujifunza neno bila mwimbo wake, na kulirekebisha baadaye ni kazi kweli.

Salamu ndiyo mlango. Mwanamume unamwambia "Supai", anaitika "Ipa". Mwanamke unamwambia "Takwenya", anaitika "Iko". Ukizichanganya utachekwa, basi. Mtoto atakuinamishia kichwa: mguse utosini kwa kiganja, usimnyoshee mkono. Mzee akikurushia mate kidogo, amekubariki, usijifute.

Ukifika, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha nenda kwa laigwanani, msemaji wa rika. Wengi huishia kwa mtendaji kwa kuwa ndiye mwenye muhuri, halafu wanashangaa mkutano umejaa watoto watupu. Mkononi uwe na sukari kilo mbili na majani ya chai. Utakaribishwa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Si uchafu, kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini. Kuyakataa ni kumkataa mwenye boma. Lakini maziwa mabichi yanaweza kukuambukiza brusela, ugonjwa wa homa inayorudi-rudi na maumivu ya viungo, kwa hiyo wahi kuomba chai ya maziwa kabla kibuyu hakijaletwa. Chai imechemka, na heshima imebaki.

Sasa turudi kwenye yale masomo. Kama mna zile kadi za rangi za Shule ya Jumapili, nyeusi kwa dhambi na nyekundu kwa damu ya Yesu, ziache Mbeya. Wamaasai husema juu ya Enkai Narok, Mungu mweusi, mwema, kama wingu lililobeba mvua, na Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, mwenye ghadhabu. Ukiinua kadi nyeusi ukasema "huu ndio moyo wa mwenye dhambi", umeipaka dhambi rangi ya rehema. Ukiinua nyekundu ukasema "huu ndio msamaha", umewapelekea hasira. Nao kwa adabu yao watakusikiliza hadi mwisho, wala hutajua kilichoharibika.

Jambo jingine: jina Enkai lina kiambishi cha kike, *en-*. Wapo wageni wanaoshtuka na kutaka kulirekebisha. Usithubutu. Ndilo jina la Mungu wanalolitumia katika sala, na ndilo lililomo katika Biblia ya Kimaa. Baba wa mbinguni utamfundisha kwa habari zake, si kwa kupigana na sarufi.

Utakapoanza kuhubiri, mkalimani mpe andiko siku moja kabla. Mkubaliane mapema maneno mazito: neema, roho, toba. Sema sentensi moja fupi, nyamaza, ngoja. Baada ya ibada mwombe mtu wa tatu, asiye mkalimani, akusimulie alichosikia. Hapo ndipo utakapojua ulihubiri nini. Tena usishangae ukisoma Luka 15, habari ya kondoo aliyepotea, mtu akauliza: wale tisini na tisa mchungaji alimwachia nani? Anayeuliza hivyo amechunga kweli.

SWALI: Kamati yetu inamtuma mtu umisionari na inataka taarifa kila mwezi: idadi ya waliohudhuria na waliobatizwa. Je, ni sawa? *Katibu wa kamati, Arusha*

JIBU: Taarifa ni sawa, namna ya kuipata ndiyo yenye matatizo. Wazee wengi wa Kimaasai hawapendi watoto wala mifugo ihesabiwe, na mgeni anayepitisha kidole juu ya vichwa vya watu ibadani anaonekana anawatakia mabaya. Akadirie baadaye, akiwa peke yake. Vivyo hivyo akienda kwenye msiba: jina la marehemu halitajwi ovyo, basi zile salamu za rambirambi za kurudia jina mara tano zibaki mjini.

Kwa miezi sita ya mwanzo mwulizeni mambo mengine. Amelala boma ngapi? Anaweza kusali Sala ya Bwana kwa Kimaa? Wakati wa kiangazi wanaume huhama na mifugo, na mahudhurio hushuka hata kama mtu wenu ni hodari. Msimkatie posho kwa sababu ya ukame.

SWALI: Mzee mwenye wake watatu ameamini, naye anataka kubatizwa. Nimwambie aache wawili? *Msomaji, Simanjiro*

JIBU: Usimwambie lolote kabla ya kumwona mchungaji wako, maana makanisa hayako pamoja katika hili. Waanglikana, katika mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1988, walikubali mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu yupo mke wake yeyote aliye hai, bila kulazimishwa kumwacha hata mmoja, na jumuiya ya mahali ikiridhia. Kanisa lako huenda lina utaratibu mwingine. Wakati unasubiri jibu, waulize na wale wake watatu wanasemaje. Nyumba wanamolala ni wao walioijenga kwa mikono yao.