Rubani ambaye meli yako imepewa jina lake aliwahi kuruka hapa Tanga

Mwanangu Idrisa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepoa, na upepo wa kusi umeanza kutulia.

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia mara tatu. Umesema: "Baba, hii meli niliyoichomelea mabamba hapa Halifax imepewa jina la Robert Hampton Gray. Wazee wa karakanani wanasema alikuwa rubani, aliwahi kukaa kwetu Afrika Mashariki, na alikufa siku sita kabla Japani haijasalimu amri. Kweli alikuwa kwetu? Na hakufa bure?" Swali la kwanza ni jepesi kwa mtu aliyefundisha historia miaka thelathini. La pili limeninyima usingizi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu nasahau nilikotoka.

Ndiyo, alikuwa kwetu. Alizaliwa Trail, British Columbia, mwaka 1917, akakulia mji wa Nelson, milimani, mbali na bahari. Baba yake alikuwa sonara. Alipomaliza chuo kikuu mwaka 1940 alijiandikisha katika akiba ya kujitolea ya jeshi la majini la Kanada, na mwaka uliofuata akapata mabawa ya urubani. Kanada wakati huo haikuwa na ndege zake za majini, kwa hiyo vijana kama yeye waliruka chini ya Waingereza. Rafiki zake walimwita Hammy.

Sasa kumbuka Aprili 1942. Manowari za Kijapani za kubeba ndege zilivuka Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na kuzamisha manowari ya Kiingereza ya kubeba ndege iliyoitwa Hermes. Waingereza wakarudisha sehemu kubwa ya meli zao Kilindini. Pwani yetu, iliyodhani vita viko mbali, ikawa mstari wa mbele. Viwanja vya ndege vikajazwa marubani wa majini: Port Reitz, pale ulipopandia ndege siku ile tulipokusindikiza Mombasa, na hapa Tanga. Waingereza husajili kituo cha nchi kavu kana kwamba ni meli, na vituo vya ndege za majini walivipa majina ya ndege wa angani. Cha Nairobi kiliitwa HMS Korongo, cha Kilindini HMS Kipanga. Maneno yetu hayo. Nilipoyaona mara ya kwanza katika vitabu nilifurahi kama mtoto.

Gray alikaa Afrika Mashariki kama miaka miwili, akirusha ndege za kivita za Hurricane katika vikosi vya nchi kavu. Kimoja, cha 877, kiliundwa hapahapa Tanga Aprili 1943. Na ndege za Kijapani hazikuja. Nyambizi zilikuja, zikazamisha meli nyingi za mizigo katika mlango wa Msumbiji mwaka 1942, lakini lile shambulio la angani ambalo vijana wale waliwekwa kulingoja halikutokea. Walifanya doria na mazoezi, wakarudi. Mapema mwaka huohuo wa 1942 nduguye, Jack, wa jeshi la anga, aliuawa Uingereza. Fikiria kijana wa miaka ishirini na minne, amefiwa na nduguye, anazunguka juu ya mikonge yetu akilinda bahari isiyomletea adui. Wanaosimulia habari zake hupita sehemu hii kwa mstari mmoja. Mimi naona ndiyo iliyomkomaza.

Mwaka 1944 alipelekwa kikosi cha 1841, kwenye manowari ya kubeba ndege Formidable. Meli hiyo nayo ilikuwa imewahi kutia nanga Kilindini. Ndege yake sasa ilikuwa Corsair ya Kimarekani, yenye mabawa yaliyopinda na pua ndefu kiasi kwamba rubani akitua hakuona sitaha iliyo mbele yake. Ilimbidi aijie kwa kuizunguka kidogo, ubavuubavu. Agosti hiyo walikwenda Norway kuipiga Tirpitz, manowari kubwa ya Hitler iliyojificha ndani ya hori. Tarehe 29 Gray aliongoza ndege zake dhidi ya manowari tatu ndogo, usukani wa mkia wa ndege yake ukapigwa na kuharibika. Alirudi hadi Formidable na kuzunguka angani dakika 45 akingoja zamu yake ya kutua. Angeweza kudai apishwe. Kwa mashambulizi hayo ya Norway alitajwa katika taarifa rasmi za kivita, Januari 1945.

Kisha Pasifiki. Mei 1945 Formidable iligongwa mara mbili na ndege za kujitoa mhanga, tarehe 4 na tarehe 9. Wewe unayejua mabamba utaelewa kwa nini iliendelea kufanya kazi: sitaha yake ilikuwa ya chuma kinene, wakati za Wamarekani zilikuwa za mbao. Julai wakaanza kuipiga Japani yenyewe.

Tumefika kwenye siku unayoniuliza. Tarehe 9 Agosti 1945. Hiroshima ilikuwa imeshateketezwa siku tatu kabla, na Nagasaki ingepigwa asubuhi hiyohiyo. Gray aliongoza Corsair zake kuelekea uwanja wa ndege wa Matsushima. Uwanja ulikuwa umeshaharibiwa vibaya, na njiani walikuwa wameona meli za kivita katika hori ya Onagawa. Akageuza. Hori hiyo imezungukwa na vilima, na mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa vilimani na ndani ya meli. Alishuka chini kabisa, akilenga meli ya kusindikiza misafara iliyoitwa Amakusa. Ndege yake ilibeba mabomu mawili, na moja likang'olewa na risasi. Ndege ikashika moto. Tangazo la nishani yake linasema aliendelea mpaka akawa futi 50 kutoka kwenye meli, yaani mita kumi na tano, chini ya urefu wa mnazi uliokomaa. Bomu lililobaki likaipiga Amakusa, ikazama kwa dakika chache pamoja na mabaharia wengi. Corsair ikaangukia horini. Mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 27.

Nishani ya ushujaa ya DSC (Distinguished Service Cross), kwa mashambulizi ya Julai, ilitangazwa tarehe 31 Agosti, siku 22 baada ya kufa kwake. Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ikafuata tarehe 13 Novemba, na mpaka sasa hakuna tendo la Mkanada la baada ya siku ile lililotunukiwa nishani hiyo. Mama yake aliyepokea habari hizo alikuwa ameshapoteza wana wawili. Kuna kilele cha mlima British Columbia kilichopewa jina la ndugu hao wawili.

Nije kwenye neno lako, "bure". Nisikudanganye, Idrisa: kuzama kwa Amakusa hakukuharakisha mwisho wa vita. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15, kwa sababu kubwa kuliko meli moja. Ukipima kwa matokeo tu, hata mimi sioni faida, na naumia kuona vijana wa pande zote mbili wakifa asubuhi ile wakati wangebaki siku chache tu wakarudi makwao. Lakini tarehe 15 tunaijua sisi. Yeye alijua tu kwamba meli zilizokuwa mbele yake zilikuwa na mizinga, na kwamba nyuma yake kulikuwa na vijana waliomfuata.

Tena namkumbuka babu yako. Wewe ulimjua mzee wa kashata na bao. Mimi nilimjua askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyepita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, matope mpaka magotini, malaria ikiwaangusha kuliko risasi. Kila mwezi wa Rajabu aliwasomea Yasini wenzake watatu waliobaki huko. Wawili waliuawa vitani. Wa tatu alikufa kwa homa Japani ikiwa imeshasalimu amri, wakingoja meli ya kurudi. Niliwahi kumuuliza babu yako swali lilelile uliloniuliza wewe. Hakunijibu. Alifungua msahafu akawasomea wote watatu, Yasini moja.

Na hili wazee wako wa karakanani huenda hawalijui. Onagawa kuna jiwe la kumbukumbu ya Gray. Liliwekwa mwaka 1989, kwenye bustani inayotazama hori, karibu na kumbukumbu ya Wajapani waliokufa siku ile. Tsunami ya Machi 2011 iliubomoa mji ule na kuua watu wake wengi, na jiwe likaanguka. Watu wale, katikati ya msiba wao, walilisimamisha tena karibu na hospitali ya mji. Mtu aliyewapiga mabomu! Nimelifikiria hilo mara nyingi nikitembea jioni upande wa uwanja wetu wa ndege.

Nitafutie picha ya jina lake lilivyoandikwa ubavuni mwa meli, na unionyeshe mabamba uliyochomelea wewe. Nitaichapisha niiweke ukutani kando ya picha ya babu yako ya Keya. Mama yako anauliza kama achari ya ndimu imefika salama.

Baba yako