Je, Patriaki wa Konstantinopoli ndiye Papa wetu?

SWALI: Padre, bariki. Jirani yangu Mkatoliki ameniuliza Papa wetu Waorthodoksi ni nani. Nikamjibu ni Patriaki wa Konstantinopoli. Katekista wetu hapa Kenya akasema nimekosea. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Bwana akubariki, mwanangu. Katekista amesema kweli, lakini Papa tunaye. Askofu wa Aleksandria ameitwa hivyo tangu karne ya 3, na leo Theodoros wa Pili ni Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote. Konstantinopoli inatangulia kwa heshima, ila haituwekei askofu Nairobi. Huyo huchaguliwa na Sinodi Takatifu ya Aleksandria, yaani baraza la maaskofu wake.

Kanisa la namna hii, linalojichagulia maaskofu wake, Wagiriki huliita "lenye kichwa chake lenyewe", na hapo ndipo wengi hupotea, wakadhani kichwa ni mtu mmoja anayeamua peke yake. Kanuni ya 34 ya Mitume, mojawapo ya sheria za kale za Kanisa, inawaagiza maaskofu wa kila taifa wamtambue aliye wa kwanza kati yao, wasifanye jambo kubwa bila shauri lake. Kisha inamgeukia yeye: naye asifanye lolote bila shauri la wote. Maneno haya ya mwisho nakusihi uyashike sana, maana ndiyo husahauliwa upesi.

Tazama Kipro, kisiwa alikozaliwa Barnaba. Kanisa la Antiokia lilitaka kuwawekea Wakipro maaskofu. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ukawalinda. Askofu Mkuu wao hutia sahihi kwa wino mwekundu mpaka leo, heshima inayosimuliwa kuwa walipewa na Kaisari Zeno. Lakini wino huo haumfanyi sultani. Hata kiti chake hapati kwa kura za upande mmoja. Desemba 2022 waumini walipiga kura, na majina matatu yaliyoongoza yakapelekwa kwenye Sinodi. Athanasios wa Limassol alikuwa wa kwanza kwa waumini. Sinodi ikamchagua Georgios wa Paphos, aliyekuwa wa pili. Lisikukwaze hilo: waumini hupendekeza, maaskofu huchagua.

Jumapili sikiliza vizuri katika Liturujia. Padre hutaja jina la askofu wake. Askofu akiadhimisha, humtaja Papa. Papa naye, akiwa madhabahuni, huwataja wakuu wa Makanisa mengine, jina kwa jina. Mwalike jirani yako aje asikie.